Mwacheza Ngoma Gani?

Kila nikiweka picha za kosplei huku kwangu, kuna msee lazima aandike: "Kwani nyinyi hamna utamaduni wenu?" Kuuliza si ujinga. Shida ni kwamba wenye kuuliza huwa hawangojangi jibu. Leo niko nalo, na ni la historia, kwa hivyo vuta kiti.

Tuanze na neno. Kosplei ni kuvaa kama mhusika wa katuni, filamu au gemu: wigi, nguo, upanga wa katoni uliopakwa rangi, hadi vile huyo mhusika husimama. Halafu mnapiga picha. Neno lilizaliwa Japani. Nobuyuki Takahashi alilitumia kwenye gazeti mwaka wa 1983, akaunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la mavazi na la kucheza. Lakini kitendo kilitangulia neno. Mwaka wa 1939, jijini New York, kwenye kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas waliingia wamevaa kama watu wa siku zijazo. Nguo zilishonwa na Douglas.

Kwa hivyo ukisema hii kitu ni ya Wajapani, Wamarekani watakuambia walitangulia. Na mimi nakuambia Mombasa na Lamu kulikuwa na vijana wanavaa magwanda ya kuigiza karibu miaka 40 kabla ya hiyo 1939.

Hii nilianza kuifuatilia Agosti, tulipopanda treni watu watano kutoka Nairobi tukashuka Mombasa kwa likizo ya siku nne. Hatukuwa tumeenda kuogelea sana. Tulikuwa tumebeba nguo. Mmoja alikuwa Naruto, na kile kitambaa chake cha kwenye paji la uso. Mwingine alikuwa Storm wa X-Men, na alimchagua makusudi: Storm alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1975, na kwenye hadithi yake mamake ni Mkenya. Joho lake alilishona kwa leso alizonunua Biashara Street, kwa hivyo upepo ukivuma unaona Storm na methali inapepea mgongoni. Mimi nilikuwa Roy Mustang, yule kanali wa Fullmetal Alchemist: koti refu la buluu, vifungo vya dhahabu, glavu nyeupe. Fundi wangu wa mtaani alinishonea, na nilimsisitizia lisifanane na sare ya polisi hata kidogo. Sitaki kesi.

Basi tuko Mji wa Kale, tunatafuta mlango mzuri wa kuchonga. Kuna mzee ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia kutoka viatu hadi mabega. Halafu akauliza:

"Wajukuu zangu, mwacheza ngoma gani?"

Nikamwambia si ngoma mzee, ni picha tu. Akacheka. "Koti kama hilo babu yangu alikuwa nalo. La beni."

Beni. Nilikuwa nimesikia hilo jina lakini sikuwa nalijua vizuri, na sidhani niko peke yangu. Shuleni hatukufundishwa.

Beni ni neno la Kiingereza la bendi, likavalishwa kanzu ya Kiswahili. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890. Vijana walikuwa wanaunda chama, wanatafuta ngoma kubwa na tarumbeta, wanashona sare kama za jeshi na za mabaharia wa manowari za Waingereza, halafu wanapiga gwaride mtaani. Ndani ya chama kulikuwa na vyeo: kuna mfalme, kuna jenerali, kuna kapteni, kuna daktari. Mtu mchana anabeba mizigo bandarini, jioni ni jenerali, na usipompigia saluti ndani ya chama umekosa adabu. Mombasa kulikuwa na kundi likiitwa Kingi, na lingine likiitwa Scotchi, na hilo jina linakuambia lenyewe walikuwa wanamwangalia nani. Makundi yalishindana kwa nguo, kwa nyimbo za kuchambana na kwa karamu. Wanawake nao walikuwa na lelemama, vyama vyao vya ngoma vyenye sare na ushindani mkali vilevile.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni hadi ndani kabisa ya Tanganyika, na huko makundi mawili yakawa maarufu, Marini na Arinoti. Serikali ya Waingereza ilishtuka. Mwaka wa 1919 maafisa walikuwa wanachunguza kama hizi ngoma ni njama ya kisiasa. Hebu fikiria: ni watu wamevaa nguo za kuigiza, wanapiga tarumbeta, na dola lenye jeshi la kweli linaandika ripoti.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kikatoka mwaka wa 1975. Alikuwa anajibu swali lilelile la msee wa kwenye komenti: hawa walikuwa wanaiga wazungu tu? Ukiangalia sare peke yake, utasema ndio. Ukiangalia nani alikuwa anampa nani cheo, mambo yanabadilika. Mtaani jenerali hakuteuliwa na gavana. Aliteuliwa na majirani zake. Zaidi ya hapo, beni ilikaa juu ya kitu cha zamani cha hapohapo: mitaa ya miji ya Waswahili ilikuwa inashindana kwa ngoma kitambo sana kabla ya tarumbeta kufika.

Sisemi beni ni kosplei. Ninasema hivi: ukiona kijana wa Kiafrika amevaa nguo ya mtu wa mbali na ukakimbilia kusema amepotea, historia ya mji huu haikuungi mkono.

Na nguo pwani haikuwa mchezo. Wakati wa utumwa, ulikuwa unaweza kumjua mtumwa kwa mavazi. Kuvaa viatu na kufunika kichwa ilikuwa alama ya mwungwana, na mtumwa hakutarajiwa kujipamba hivyo. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka wa 1897, na pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Baada ya hapo unaona watu wanakimbilia kofia, kanzu, leso za rangi, na wanawake wa kila tabaka wanaanza kuvaa buibui. Mtu aliyenyimwa nguo jana, leo anaivaa mchana kweupe ili wote wamwone. Ukimwuliza huyo kama "anaigiza" mwungwana, atakuambia yeye ndiye mwungwana sasa.

Turudi kwa picha, juu kuna kitu kingine kilitokea siku ileile na bado kiko kichwani mwangu.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni kwake, buibui yake nyeusi, nyuma yake mlango wa mbao wenye nakshi. Picha ingekuwa kali, hilo sikatai. Rafiki yetu mwenye kamera akamwendea, akamsalimu, akamwomba kama angeweza kubaki hapohapo nyuma ya Storm. Mama hakukasirika. Alisema tu: "La, mwanangu. Mimi si ukuta." Akaingia ndani. Kamera haikuinuliwa.

Hiyo sentensi ina historia ya zaidi ya miaka 100 nyuma yake. Kamera ilifika pwani hii mapema, karne ya 19, na studio kama ya A. C. Gomes kule Unguja zilikuwa zinatengeneza picha za kuuzia wageni. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za posta za wanawake wa pwani zilikuwa zinasafiri hadi Ulaya. Chini ya picha huandikwi jina lako. Unaandikwa mwanamke Mswahili, basi. Nguo, pambo, mahali pa kusimama, vyote vingeweza kuamuliwa na mpiga picha, na mnunuzi hakuhitaji kujua wewe ni nani. Watu waligeuzwa ukuta.

Sasa weka hiyo kadi kando ya picha za Studio ya Parekh. N. V. Parekh alikuwa mpiga picha wa Mombasa, na miaka ya 1950 na 1960 watu wa kila jamii walikuwa wanaenda kwake: Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara. Wewe ndiye unalipa. Wewe ndiye unaamua uje na nguo gani na usimame vipi. Kuna wasichana wanaegemea kama nyota wa filamu za Kihindi, kuna vijana wenye suti na sigara, kuna marafiki wamevaa sare kama pacha. Kule Lamu, Omar Said Bakor yeye alikuwa anakata na kuunganisha picha kwa mkono, anakutoa hapo ulipo anakuweka mahali pengine kabisa. Ni mambo tunayoyafanya sa hii kwa simu, ila yeye alikuwa na makasi na subira.

Halafu kuna Likoni. Miaka ya 1990, karibu na feri, kulikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye pazia zilizochorwa: meli, ndege, majumba, mji wa ndoto. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta kazi. Unasimama mbele ya ndege hujawahi kuipanda, unapigwa picha, unaituma nyumbani. Mamako anaweka ukutani. Hakuna aliyedanganywa, kila mtu kijijini anajua hiyo ndege ni rangi. Ujumbe ni kwamba mtoto yuko hai, amevaa vizuri, na ana ndoto.

Wapiga picha wengi wa hivyo vibanda nao walikuwa watu wa bara. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, vurugu zililipuka Likoni. Watu waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa, maelfu ya watu wa bara wakakimbia. Biashara ya picha pale ikavunjika, na wapiga picha wengi hawakurudi.

Sisi watano wote ni watoto wa bara. Tulivuka na ile feri siku ya tatu, kamera zikiwa kwenye mabegi, na nikamweleza mwenzangu hiyo habari tukiwa katikati ya maji. Hakuijua. Alinyamaza, kisha akasema kwao kijijini kuna picha ya mjomba wake mbele ya meli, na miaka yote alidhani mjomba alikuwa baharia.

Kwa hivyo jibu langu kwa msee wa komenti ni hili. Swali la nani anaiga nani halitufikishi mbali. Mombasa yenyewe, zile pembe za ndovu za Moi Avenue ambazo kila mgeni anapiga picha chini yake, si pembe, ni bati la alumini, na ziliwekwa miaka ya 1950 kupamba ziara ya familia ya kifalme ya Uingereza. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikachukuliwa na Waomani, ikawa jela ya Waingereza, leo ni makumbusho. Mji mzima umebadilisha nguo mara nyingi.

Swali zuri ni mbili. La kwanza: nguo hii nani aliichagua? Sare ya beni ilichaguliwa na aliyeivaa. Pozi la kwenye kadi ya posta halikuchaguliwa na yule mwanamke. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu na ukuta. La pili: na wale wengine kwenye picha, wamekubali? Hili ni letu sisi watu wa kosplei, na tuna kazi ya kufanya. Ukienda kwa mtaa wa wenyewe na wigi lako la zambarau, omba ruhusa, funika mabega panapohitajika, na ukiambiwa la, ni la. Wakazi si pazia lako la Likoni.

Mkienda nyumbani Desemba, fungueni albamu ya familia. Lazima kuna picha moja ya studio, shosho au guka amevaa kitu ambacho hujawahi kumwona nacho: miwani, saa kubwa, suti ya kuazima. Mwulize aliitoa wapi, na siku hiyo alikuwa anataka aonekane kama nani. Muulize mapema, juu albamu itabaki lakini mwenye kujibu hatabaki milele. Halafu uje utuambie hapa chini.