Samadi Haikuanza Jana



Wako wakulima wa mboga wanaoamini kwamba samadi ni mbolea ya mtu aliyekosa fedha za kununulia mfuko wa chumvichumvi. Historia yetu inasema vingine.

Tuanzie kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe. Kisiwa ni kidogo, watu wengi, na udongo ni wa kichanga. Shamba likichoka, mtu angehamia wapi? Ziwani? Basi Wakara waliwafuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, wakawaletea majani kwa mikono. Mabaki ya majani yalichanganyika na kinyesi na mkojo, kisha mbolea ikabebwa hadi shambani. Tena walipanda marejea katikati ya uwele, wakayafukia ardhini yaoze. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika habari hizo mwaka 1936, wakati kazi yenyewe ilikwisha kuwa ya zamani.

Baadaye yakaja mambo ya mifuko. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, lakini malighafi yake nyingi ilitoka ng'ambo. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ikaruka, na mbolea nayo ikapanda. Mwaka 1991 kiwanda kikafungwa. Ng'ombe wa zizini hawakungoja meli.

Je, tuache chumvichumvi kabisa? La. Kabichi hula naitrojeni nyingi, na samadi huitoa pole pole. Lakini salfeti ya amonia peke yake, mwaka hadi mwaka, huongeza tindikali ardhini. Samadi iliyooza hushika maji, na huzuia chakula cha mmea kisichukuliwe na mvua. Hapo chumvichumvi kidogo hutosha.

Ila usiimwage mbichi! Itaunguza miche, itakuletea magugu, na vijidudu vyake si vya kuwekwa kwenye mboga. Ipange kwa tabaka pamoja na majani makavu, inyunyizie maji, ifunike, na uigeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Joto la ndani likipita nyuzi 55 kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa. Ikiwa nyeusi, imepoa na haina tena harufu ya zizi, ipeleke bustanini.

Wakara walijua kwamba ardhi yao haiongezeki. Yetu nayo haiongezeki.