Reli Iliyoipita Misikhu Pembeni

Anayetoka Webuye kwenda Kitale kwa barabara hupita katika soko la Misikhu. Reli haipiti hapo. Njia kuu ya kwenda Uganda ilishuka kutoka Eldoret hadi Webuye, iliyoitwa Broderick Falls enzi hizo, ikaelekea Bungoma na Malaba. Tawi la Kitale, lililofunguliwa 1926, lilichepuka Leseru, likakatiza uwanda wa Uasin Gishu na kupitia Hoey's Bridge, yaani Moi's Bridge ya leo, hadi Trans Nzoia. Misikhu ikaachwa kati ya Webuye na Kitale. Stesheni za pande hizi, ambazo abiria walizihama zamani, husemwa ziliuawa na malori. Mimi naona lori lilikuta kazi imekwisha kuanzwa. Stesheni hizi ziliwekwa ili kukusanya nafaka ya mashamba makubwa mahali pamoja, na utaratibu huo ulipovunjika, hazikuwa na mtetezi.

Ushahidi uko katika njia yenyewe. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na hoja ya kuiendeleza kutoka huko kupitia nchi yenye watu wengi ya Nyanza ilikuwapo. Badala yake njia mpya ilianzia Nakuru, ikapandishwa milima ya Timboroa kwa gharama kubwa, ikafika Eldoret 1924. William McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kazi za umma wa koloni la Kenya, aliushutumu uamuzi huo waziwazi katika kitabu alichokichapisha 1927. Huko juu ndiko walikokuwa walowezi, wakiwemo wanajeshi wa Uingereza waliogawiwa mashamba kuanzia 1919. Mwaka 1922 kamati ya serikali ya koloni iliyoongozwa na afisa wake Bowring ilipendekeza nauli ya reli ya mahindi ya kuuzwa nje ipunguzwe. Kwa hiyo mlowezi wa Trans Nzoia alipewa njia, tena akapunguziwa gharama ya kuitumia, na Wabukusu wengi wakafika kwenye mashamba hayo kama vibarua.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba Mwafrika naye alinufaika. Ni kweli, na hoja hii haifai kupuuzwa. Webuye na Bungoma zilikuwa stesheni za wakulima wadogo pia. Vibarua walisafiri kwa daraja la tatu, na mahindi ya Wabukusu yalipakiwa kwenye mabehewa yaleyale. Lakini kutumia kitu si sawa na kuwa na kauli juu yake. Tangu udhibiti wa mahindi uanze 1942, mkulima Mwafrika alilipwa bei iliyokwisha kukatwa ushuru na makato mengine, naye hakuwa na sauti kuhusu mahali pa kujenga bohari wala nauli ya gunia. Jirani wa stesheni alikuwa mteja wake, na mteja huhama pakipatikana njia nyingine.

Njia hiyo ilipatikana. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru nafaka iliendelea kununuliwa na bodi za serikali, ambazo mwaka 1979 ziliunganishwa kuwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Mnunuzi mkubwa mwenye maghala makubwa alilifaa gari la moshi. Mwishoni mwa 1993 vizuizi vya kusafirisha mahindi viliondolewa, na biashara ikatawanyika: mfanyabiashara akaweza kusimamisha lori Misikhu kwenyewe, akapima, akalipa, akapakia. Treni haiwezi kusimama kila soko. Usimamizi mbovu nao ulichangia, hilo sikatai. Mkataba wa kampuni ya Rift Valley Railways wa kuendesha reli ulianza 2006 ukavunjwa 2017 bila reli hizi kupata nafuu iliyoahidiwa. Hata hivyo, meneja hodari angekabiliwa na ramani ileile.

Ndiyo maana mabaki haya yanastahili kulindwa: tuta la reli, jukwaa la kupakia, hasa mabohari ya mizigo, ambayo hayana mapambo ya kuvutia mpiga picha ilhali ndiyo yanayoeleza kilichotendeka. Wengine watasema ardhi inahitajika na chuma kina bei. Ardhi inahitajika kweli, na sidai kila mita ya tuta ihifadhiwe. Lakini uuzaji wa chuma chakavu umekwisha kutugharimu kiasi kwamba Januari 2022 serikali ililazimika kuisimamisha biashara hiyo baada ya miundombinu ya umma kuhujumiwa. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, hayawezi kubeba stesheni ya Trans Nzoia. Kitale ina makumbusho yake tangu 1974, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu majengo kutangazwa kuwa turathi. Mipango ya kulifufua tawi la Leseru imetangazwa zaidi ya mara moja; kabla ya mkandarasi kuingia na mashine, kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ziagize kila bohari lipimwe, lichorwe na kupigwa picha, na wazee waliobeba magunia humo wahojiwe wangali hai.