Ukara: Kisiwa Ambako Kila Mti Una Mwenyewe

Kaskazini mwa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ukivuka maji kutoka mwalo wa Bugolora, unafika Ukara. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita za mraba 80 hivi, na sehemu yake kubwa ni mawe: majabali ya matale yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba, likiwemo lile jiwe linalocheza ambalo wageni hupelekwa kulitazama. Udongo uliobaki katikati ya mawe ni wa kichanga, mwepesi, usio na rutuba ya kujivunia. Mahali pengi Afrika Mashariki udongo wa namna hiyo ulilimwa misimu michache kisha ukaachwa upumzike, wakulima wakahamia pori jingine. Wakara hawakuwa na pori jingine. Walilima mashamba yaleyale kila mwaka, baba akamwachia mwana, na uwele ukaendelea kuota.

Mtu anayetaka kuelewa jambo hilo aanzie ndani ya nyumba. Katika nyumba ya Mkara wa zamani ng'ombe alilala humo humo na wenye nyumba, kwenye shimo lililochimbwa sakafuni. Kila siku alimwagiwa majani mabichi na nyasi. Alichokipenda alikila, kilichobaki alikikanyaga na kukilowesha, na kesho yake yakamwagwa mengine juu. Tabaka baada ya tabaka shimo lilijaa, na ng'ombe akawa anainuka nalo. Lilipojaa vya kutosha, samadi ilichimbuliwa, ikatiwa vikapuni, ikabebwa kichwani hadi shambani, hata kama shamba lilikuwa upande wa pili wa kilima. Maziwa yalikuwepo, nyama pia siku ya shughuli, lakini ng'ombe wa Ukara alifugwa kwanza kwa ajili ya kile kilichotoka nyuma yake.

Sasa ng'ombe aliyefungiwa ndani lazima apelekewe chakula, na kisiwa kilicholimwa karibu chote hakina malisho ya kutosha. Hapo ndipo Wakara walipoonyesha ufundi wao. Kando ya vijito walipanda majani marefu ya kukatia mifugo. Ufukweni walichimba mashimo mapana mpaka wakakuta maji, wakapanda nyasi humo, ili kiangazi kikikausha kila kitu juu, huko chini pabaki kijani. Miti nayo ilikatiwa majani. Kwa sababu hiyo kila mti kisiwani ulikuwa na mwenyewe, na majani yake yalikuwa mali kama nafaka ilivyo mali. Ardhi vilevile ilikuwa ya mtu mmoja mmoja: ilirithiwa, ilikopeshwa, na iliweza kuuzwa. Wale wanaopenda kusema kwamba Mwafrika wa kale hakujua umiliki binafsi wa ardhi wangefaidika kukaa Ukara wiki moja.

Shambani kwenyewe zao kuu lilikuwa uwele. Uwele ulipokuwa bado umesimama, mkulima alipanda marejea, mmea wa jamii ya mikunde, katikati yake. Uwele ukavunwa, marejea yakabaki yakikua, kisha yakalimiwa chini yaoze na kuwa mbolea ya msimu uliofuata. Katika mzunguko wa miaka mitatu njugu mawe ziliingizwa nazo, na mabondeni penye maji palipandwa mpunga. Muhogo na mtama vilichukua nafasi zao. Samadi, marejea na njugu mawe, kila kimoja kilirudisha kitu udongoni. Kwenye miteremko mawe yalipangwa kuzuia mvua isiondoke na shamba.

Kwa nini watu walibanana hapo, wakati ng'ambo kulikuwa na ardhi tele? Nadhani jibu moja ni maji yenyewe. Kisiwa ni ngome: anayekuja kukuvamia lazima aje kwa mtumbwi, na mtumbwi unaonekana toka mbali. Watu wakikaa salama wanaongezeka, wakiongezeka ardhi inapungua, na ardhi ikipungua kichwa lazima kifanye kazi, na mgongo nao.

Dunia ya nje iliipita Ukara kwa muda mrefu. Macho yote yalikuwa Ukerewe, kwa mtawala wake, Omukama Lukonge, aliyekuwa na pembe za ndovu na uhusiano na wafanyabiashara wa pwani. Msafiri Stanley alimtembelea mwaka 1875. Mwishoni mwa 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani kwake katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro. Wajerumani walipojenga kituo chao Mwanza katika miaka ya 1890, Lukonge naye hakudumu: alipoteza kiti chake mwaka 1895. Ukara, isiyo na soko kubwa la pembe wala mtawala wa sifa kama zake, iliendelea kubeba vikapu.

Waingereza ndio waliostuka. Mwaka 1936 maafisa wawili, Thornton na Rounce, waliandika kuhusu kilimo cha Wakara katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Unaweza kuelewa furaha yao. Serikali ya kikoloni wakati ule ilikuwa imeshikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, na huko Usukuma mifugo na watu walikuwa wanaongezeka. Kumbe umbali mfupi tu kutoka Mwanza kulikuwa na Waafrika waliokuwa wakiweka samadi, wakipanda mbolea ya kijani na kulisha ng'ombe ndani, bila bwana shamba yeyote kuwafundisha! Rounce huyohuyo baadaye alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Mpango huo ulikuja na sheria ndogondogo za kuwalazimisha wakulima kulima matuta, kuweka samadi na kupunguza mifugo. Wasukuma walizichukia. Malalamiko yaliungana na siasa za TANU, na mwaka 1958, baada ya vurugu za Geita, ulazimishaji ukaachwa.

Kosa la maafisa halikuwa kuisifu Ukara. Waliona mbinu, hawakuona hesabu iliyokuwa nyuma yake. Kikapu cha samadi kinabebwa na mtu ambaye hana shamba jingine la kwenda. Msukuma wa mwaka 1950 alikuwa bado na pa kupanua, pamba ilikuwa inamlipa, na kumwambia abebe samadi kichwani kulikuwa ni kumwambia afanye kazi mara mbili kwa mavuno ambayo angeyapata kwa kufyeka pori.

Ushahidi wa hesabu hiyo walikuwa Wakara wenyewe. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kijerumani, Heinz Dieter Ludwig, alikichunguza kilimo cha kisiwa hicho kwa undani, na mwaka 1967 kitabu chake juu ya Ukara kikatoka. Alitoka nchi ambako, katika vijiji vingi vya zamani, ng'ombe na watu waliishi chini ya paa moja, na lundo la samadi mbele ya mlango lilikuwa dalili ya mwenye mali. Alikuta watu wapatao 16,000 wakiishi Ukara, yaani 200 kwa kila kilomita ya mraba. Jambo lililozungumzwa zaidi baada ya utafiti huo lilihusu wale walioondoka. Mkara aliyehamia Ukerewe au bara, penye ardhi ya kutosha, aliacha shimo la ng'ombe, akaacha marejea, akalima kama majirani zake wapya. Ujuzi hakuusahau; aliuweka chini kama mtu anavyotua mzigo. Wachumi wa kilimo duniani wameutumia mfano huu mara nyingi, kwa kuwa unavunja hadithi mbili kwa mkupuo mmoja: ile ya mkulima mvivu asiyejua, na ile ya kabila lililozaliwa na bidii ya ajabu. Mie ningeongeza neno moja ambalo vitabu vinalipitia harakaharaka, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa juu ya vichwa vya wanawake.

Baadaye ziwa lenyewe likabadilisha hesabu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda wakati wa ukoloni, alijaa katika maji ya Tanzania kuanzia miaka ya 1980, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikasimama Mwanza. Kijana wa kisiwani aliweza kupata fedha taslimu kwa usiku mmoja ndani ya mtumbwi. Dagaa nao wakapata soko, wakianikwa mchangani na juu ya mawe. Mwaka 2016 Bwisya, kijiji chenye gati ya kivuko, kikapata umeme wa jua kutoka kampuni ya Jumeme, ambayo wabia wake walitoka Ujerumani na Austria pamoja na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza. Mashine za kusaga, majokofu, saluni na mafundi wa kuchomelea wakapata kazi mahali ambapo jua likizama ilibaki koroboi.

Lakini kila kitu kisichotoka shambani au ziwani kilipaswa kuvuka, na kuvuka kuliitegemea MV Nyerere. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko hicho kiliondoka kikiwa kimebeba watu, magunia ya mahindi na saruji kupita uwezo wake. Kilisajiliwa kuchukua abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho yao. Wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao. Watu 41 waliokolewa, zaidi ya 220 walikufa, na siku tatu baadaye baadhi yao walizikwa hapohapo Bwisya mbele ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Katika kisiwa kidogo namna ile, hesabu hiyo ina maana kwamba ilikuwa vigumu kupata ukoo usio na msiba.

Sehemu ya fedha za rambirambi zilizochangwa nchi nzima zilielekezwa kwenye kituo cha afya cha Bwisya, zikajenga wodi. Kwa mzazi aliyepatwa na uchungu usiku Ukara, hospitali ya wilaya ilikuwa Nansio, upande wa pili wa Ukerewe: kwanza maji, kisha barabara, na maji yenyewe yakiwa yametulia.