Anayeshika Koti

Ukitazama picha za washindi wa International Mr. Leather, mashindano yaliyoanza 1979 mjini Chicago, utaona mtu mmoja. Amesimama jukwaani, ukanda wa ngozi umetoka begani ukakatiza kifua, buti zinang'aa, na ukumbi mzima unapiga kelele. Picha haikuambii nani alikesha aking'arisha hizo buti. Haikuambii nani alishika koti wakati jina lilipoitwa, wala nani alibaki nyumbani kulipa bili mwaka mzima mwenye taji akizunguka miji. Vitabu vinamkumbuka mshindi. Mimi leo nataka kumwangalia huyo mwingine.

Tuanze na ngozi yenyewe. Kiswahili kina neno moja tu kwa ile tuliyozaliwa nayo na ile tunayomvua ng'ombe, na kwa hii stori hilo neno linafaa kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wengi wa Marekani walitoka jeshini wakiwa wamezoea maisha ya wanaume kwa wanaume: magwanda, nidhamu, pikipiki, undugu. Wengine wao walikuwa mashoga, na hawakuwa na haraka ya kurudi kijijini kuoa. Walinunua pikipiki na majaketi meusi. 1953 Marlon Brando akatokea kwa filamu ya The Wild One akiwa amevaa jaketi la aina hiyo, na mwaka uliofuata klabu ya waendesha pikipiki mashoga iitwayo Satyrs ikaanzishwa Los Angeles.

Ujue wakati huo picha ya shoga kwenye magazeti na mizaha ya mtaani ilikuwa ya mtu dhaifu wa kuchekwa. Jaketi la ngozi lilikuwa jibu bila maneno. Pia lilikuwa ishara. Kulikuwa na watu ambao mapenzi yao yalihusu kamba, maumivu ya kukubaliana, mmoja kuamuru na mwingine kutii, na ngozi iliwasaidia kutambuana kwenye baa bila kuulizana maswali ya hatari. Neno la msingi hapo ni kukubaliana. Kila kitu kinaongelewa kwanza. Lishike hilo, tutalirudia.

Chicago sasa. Chuck Renslow alikuwa mpiga picha. Dom Orejudos, mwenye asili ya Ufilipino, alikuwa mcheza dansi ya baleti na mtunzi wa dansi, na pembeni alichora wanaume wenye misuli kwa jina la kalamu, Etienne. Walikuwa wapenzi, tena washirika wa biashara. Miaka ya 1950 waliendesha Kris Studio, wakipiga na kuuza picha za wanaume waliojenga miili. Baadaye wakawa na baa ya watu wa ngozi, Gold Coast, na kuta zake zilijaa michoro mikubwa ya Orejudos. Jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza Marekani kufuta sheria iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, kwa sheria iliyopitishwa 1961 na kuanza kutumika 1962. Lakini sheria kubadilika na askari kubadilika ni vitu viwili tofauti. Baa ziliendelea kuvamiwa, na kufungua mlango kila jioni kulihitaji moyo.

Ndani ya Gold Coast kulikuwa na shindano dogo la kumchagua Mr. Gold Coast. Watu wakazidi, baa ikawa ndogo. 1979 Renslow na Orejudos wakalihamishia ukumbini, wakalipa jina la kimataifa, na mshindi wa kwanza akawa David Kloss kutoka San Francisco. Angalia vizuri hapo. Shindano kubwa kuliko yote ya watu wa ngozi lilizaliwa na wapenzi wawili, ila mara nyingi utasikia tu kwamba Renslow alianzisha. Hata waanzilishi wenyewe hawakuponea tabia yetu ya kuhesabu mtu mmoja pale ambapo kazi ilifanywa na wawili.

Jinsi linavyofanyika ni hivi. Watu wanakuja wakiwa na mataji ya kwao, au wametumwa na baa au klabu fulani. Ni wikendi ya mwisho wa Mei, watu wamejaa hotelini, na kuna soko la kuuza majaketi, mikanda na viatu. Washindani wanahojiwa na majaji faraghani kabla ya jukwaa. Kisha wanapanda, wanaonekana, wanatoa hotuba fupi. Mwili mzuri peke yake hautoshi, kwa sababu majaji wanatafuta mtu atakayeiongelea jamii mwaka mzima.

Kila hatua hapo ina kazi ambayo si lazima ifanywe na mshindani. Mahojiano yanahitaji mtu wa kukuuliza maswali magumu jikoni saa nne usiku hadi uache kubabaika. Hotuba inahitaji sikio la kukwambia hapo katikati umepotea. Ngozi ni ghali, na tiketi ya ndege ni ghali, kwa hivyo kama mnaishi pamoja, hiyo ni pesa ya nyumba. Halafu mtu akishinda, mpango mzima ndio unaanza: safari kila wikendi, kuketi na majaji wa mashindano mengine, kuchangisha pesa. Mwenye taji anapigwa picha mia. Mwenzake anaombwa asogee kidogo ili asiingie kwa picha.

Kuna kazi moja ya aina hii ambayo watu wa ngozi waliipa heshima yake rasmi, na hapo nawapa maksi. Ni kupiga buti polishi. Hapa Nairobi tunapita mbele ya jamaa wanaopiga viatu rangi town bila hata kuuliza jina. Kule Chicago, tangu 1993, wikendi hiyo hiyo kuna shindano la International Mr. Bootblack, na anayeshinda naye anavaa ukanda wake. Mtu anayepiga magoti kushughulikia kiatu cha mwingine akawa na taji. Sidhani ni ajali. Jamii iliyozoea kuongea waziwazi kuhusu nani anahudumia na nani anahudumiwa ilikuwa rahisi kwake kuona kwamba huduma ni ujuzi.

Halafu ukimwi ukaja. Juni 1981 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wa kwanza Los Angeles, na miaka michache baadaye watu wa ngozi walikuwa wanazika kila wakati. 1984 Ron Moore akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda taji hilo, na katika miaka hiyo maana ya taji ikabadilika mikononi mwa waliolivaa. Kutoka mwanamume wa kupendeza jukwaani, mwenye taji akawa mtu wa kuchangisha pesa za wagonjwa, kuongea kuhusu mipira ya kondomu, na kusoma majina ya waliokufa.

Nyumbani, kushika koti kukawa kushika beseni. Mpenzi ndiye aliyebadilisha shuka, akahesabu vidonge, akasubiri kwenye korido. Na sheria haikumjua. Hakuwa mume, hakuwa ndugu. Hospitali ingeweza kumzuia mlangoni. Mwenzake akifa, familia ambayo pengine haikuwa imepiga simu kwa miaka ingeweza kuja kuchukua mwili, nyumba, na kila kitu kilichokuwa ndani. Yale majaketi, picha, barua, ukanda wa taji, kwao yalikuwa aibu ya kutupwa. Ndoa ya jinsia moja ilikuja kutambuliwa Marekani nzima 2015. Hawa waliokuwa wakisubiri kwenye korido walikuwa wameshachelewa.

Kwa hivyo mwaka 1991 Renslow na Tony DeBlase wakaanzisha Leather Archives & Museum, hapo hapo Chicago, ili vitu vya watu wa ngozi visiishie kwa takataka. DeBlase ndiye aliyebuni bendera ya watu wa ngozi. Aliionyesha kwenye shindano la Mei 1989: mistari myeusi na ya buluu, mweupe katikati, na moyo mwekundu kwenye kona. Alikataa kueleza maana yake, akasema kila mtu aisome mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1991, mwezi wa Septemba, Dom Orejudos akafa kwa maradhi yanayotokana na ukimwi. Renslow aliishi hadi 2017.

Wanawake nao hawakungoja kukaribishwa. 1987 shindano la International Ms. Leather lilifanyika San Francisco kwa mara ya kwanza, mshindi akiwa Judy Tallwing McCarthey. Na 2010 taji la wanaume lilimwendea Tyler McCormick, mwanamume ambaye alipozaliwa aliandikwa msichana, na anayetumia kiti cha magurudumu. Picha ya mwanamume wa ngozi iliyochorwa na Etienne, mrefu, mabega kama mlango, ilikuwa imepanuka kiasi cha kumwingiza mtu ambaye mchoraji pengine hakumfikiria.

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Shida ya hawa watu ilikuwa kwamba kwao hakukuwa na nafasi ya kucheza, ikabidi wajenge kwao kwingine, na nusu ya ujenzi huo ilikuwa kazi ya mtu asiyeonekana. Lakini kazi hiyo haikufichwa kwa sababu ni ndogo. Sisi pia tunaifahamu. Ni yule msichana anayemwandikia mpenzi wake barua ya kuomba kazi, yule kijana anayelipa kodi peke yake ili mwenzake arekodi albamu. Tofauti ni kwamba sisi tunaiita mapenzi na kuishia hapo. Haiongelewi, haina kikomo, na mambo yakiharibika hakuna anayekumbuka nani alitoa nini. Watu wa ngozi, kwa sifa zao zote mbaya mtaani, walikuwa na desturi ya kuketi kwanza na kuuliza: unataka nini, mimi natoa nini, tunasimamia wapi? Mtu anayeingia kwenye mwaka wa taji la mwenzake anastahili kuulizwa hivyo kabla buti hazijapakwa rangi.

Makumbusho yako Greenview Avenue, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa sinagogi. Ndani kuna ukumbi unaoitwa Etienne, na michoro ya Orejudos iko ukutani, mikubwa vilevile kama ilivyokuwa kwenye baa. Baa yenyewe ilifungwa zamani.