Programu Maalumu ya Kisukari kwa Waindio

Programu Maalumu ya Kisukari kwa Waindio (kifupi: SDPI) ni mpango wa serikali ya shirikisho ya Marekani unaotoa ruzuku kwa zahanati, vituo vya afya na hospitali zinazowahudumia Waindio pamoja na wenyeji wa Alaska, ili kuzuia na kutibu ugonjwa wa kisukari. Ulianzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1997. Unasimamiwa na Huduma ya Afya ya Waindio (IHS), idara ya serikali yenye jukumu la kuwatibu watu wa makabila yanayotambuliwa rasmi na nchi hiyo. Fedha zake hufika kwenye miradi takriban 300 katika majimbo 35.

Mpango huu unajulikana hasa kwa tokeo moja. Kati ya mwaka 1996 na 2013, kiwango cha Waindio wazima waliopatwa na ugonjwa wa figo kushindwa kufanya kazi kutokana na kisukari kilishuka kwa asilimia 54. Hakuna kundi lingine la wakazi wa Marekani lililoshuka kiasi hicho katika miaka hiyo.

Kisukari kati ya Waindio

Kisukari cha aina ya 2 si ugonjwa wa kale kati ya Waindio. Daktari Elliott Joslin wa Boston, aliyekuwa bingwa wa kisukari wa enzi zake, alichunguza jimbo la Arizona mwaka 1940 na hakuona kwamba Waindio waliugua kuliko wengine. Miaka 25 baadaye hali ilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1965 taasisi za afya za serikali zilianza kuwafuatilia Wapima, wanaojiita Akimel O'odham, katika bonde la mto Gila huko Arizona, na utafiti huo uliendelea kwa miongo kadhaa. Ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye umri wa miaka 35 na kuendelea walikuwa na kisukari.

Kwa muda mrefu maelezo yaliyopendwa yalikuwa ya urithi wa damu. Urithi una nafasi yake, lakini historia ya mto wenyewe inaeleza mengi. Wapima walikuwa wakulima hodari wa umwagiliaji. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walowezi walioishi upande wa juu wa mto waliyageuza maji kuelekea mashamba yao. Mashamba ya Wapima yakakauka na njaa ikaingia. Baadaye chakula kilikuja kwa njia ya mgawo wa serikali: unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Ndugu zao waliobaki milimani nchini Mexiko, katika kijiji cha Maycoba, waliendelea kulima kwa mikono na kula mazao yao. Wanasayansi walipolinganisha pande hizo mbili walikuta kisukari kwa asilimia 6.9 ya watu wazima upande wa Mexiko na asilimia 38 upande wa Arizona. Damu ni ileile, maisha ni mengine.

Madhara yalionekana wazi katika jamii: watu waliokatwa miguu, waliopofuka, na waliosafiri mara 3 kwa wiki kwenda kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zao zilikuwa zimekufa. Katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya makabila, ambako hospitali inaweza kuwa mbali sana, safari hizo humfanya mgonjwa asiweze kushika kazi yoyote.

Kuanzishwa kwa ruzuku

IHS, iliyopata sura yake ya sasa mwaka 1955, ilianza kushughulikia kisukari kwa mpango wa kitaifa mwaka 1979. Mwaka 1986 ilitoa mwongozo wa kwanza wa viwango vya matunzo: mgonjwa wa kisukari apimwe nini, mara ngapi, na apewe dawa gani. Sambamba na mwongozo huo ulianza ukaguzi wa kila mwaka wa mafaili ya wagonjwa. Kwa hiyo kanuni zilikuwepo miaka 11 kabla ya fedha. Kilichokosekana ni watu wa kuzitekeleza, kwa kuwa bajeti ya IHS ni ndogo kuliko mahitaji na muuguzi mmoja alilazimika kushughulikia kila kitu.

Sheria ya bajeti ya mwaka 1997 ilitenga dola milioni 30 kwa mwaka kwa muda wa miaka 5. Kiasi hicho kiliongezwa kufikia dola milioni 100 mwaka 2001, kisha milioni 150 kuanzia mwaka 2004. Mwaka 1998 iliundwa kamati ya viongozi wa makabila ili kuishauri serikali kuhusu ugawaji. Fedha hazikugawanywa kwa mashindano ya kuandika maombi mazuri peke yake, maana hapo jamii kubwa zenye wataalamu zingechukua karibu zote. Ulitumika mfumo wa hesabu uliozingatia idadi ya watu wanaohudumiwa na uzito wa ugonjwa katika kila eneo, huku makabila madogo yakiangaliwa kwa namna ya pekee.

Jambo lingine lenye uzito ni kwamba makabila mengi yanaendesha zahanati zao yenyewe, haki waliyoipata kwa sheria ya mwaka 1975. Hivyo mwenye kupokea ruzuku mara nyingi ni serikali ya kabila yenyewe.

Utendaji katika vituo

Kituo kinachopokea ruzuku huchagua sehemu ya matunzo kinayotaka kuiboresha, kwa mfano uchunguzi wa miguu, macho, figo au shinikizo la damu. Hutaja ni wagonjwa wangapi watakaolengwa, hupima hali ilivyo mwanzoni, kisha hupima tena mwishoni mwa mwaka. Ukaguzi wa mafaili ni wa lazima. Mkusanyo huo hugusa mafaili ya zaidi ya wagonjwa 100,000 kila mwaka, na kila kituo hurudishiwa matokeo yake ili kijilinganishe na vingine vya eneo lake.

Sehemu kubwa ya fedha hulipa mishahara: wauguzi wa kisukari, wataalamu wa lishe, wafamasia, wahudumu wa afya ya jamii wanaowatembelea wagonjwa nyumbani. Daktari hubaki mmoja wa kikundi, wala si lazima awe ndiye anayekutana na mgonjwa mara nyingi zaidi.

Figo ni mfano mzuri wa jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Sukari iliyozidi katika damu, hasa ikiungana na shinikizo kubwa la damu, huharibu vichujio vidogo vilivyomo ndani ya figo. Dalili ya mwanzo ni protini iitwayo albumini kuonekana katika mkojo, wakati ambapo mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Dawa za makundi ya vizuizi vya ACE na ARB, zinazotumika kushusha shinikizo la damu, hupunguza mwendo wa uharibifu huo. Ni vidonge vya bei nafuu na vya miaka mingi. Kazi ya kituo ni kupima mkojo wa kila mgonjwa kila mwaka, kumpa vidonge anayevihitaji, na kumtafuta asiporudi. Katika miaka 5 tu idadi ya wagonjwa waliotumia dawa hizo ilipanda kutoka asilimia 42 hadi 74.

Kuhusu macho, IHS ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutumia upigaji picha wa retina katika vituo vidogo. Picha hutumwa kwa mtandao hadi Phoenix, ambako wataalamu huzisoma. Mgonjwa husafiri tu akionekana ana tatizo linalohitaji matibabu.

Upande wa kinga, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, ambao Waindio wa Arizona nao walishiriki, ulionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea kila siku huzuia kisukari kwa asilimia 58 kati ya watu walio hatarini. Mwaka 2004 SDPI ilianza kulijaribu somo hilo katika jamii 36. Waliomaliza mafunzo walinufaika. Hata hivyo wengi hawakufika mwisho wa vipimo vya miaka 3, jambo linaloonyesha tofauti iliyopo kati ya utafiti wenye usimamizi mkali na zahanati ya kawaida.

Matokeo

Mwaka 1996, kati ya Waindio wazima 100,000 wapatao 57 walianza kuugua figo zilizoshindwa kutokana na kisukari. Mwaka 2013 walikuwa kati ya 26 na 27. Wastani wa hemoglobini A1c, kipimo kinachoonyesha sukari ya damu ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, ulishuka kutoka asilimia 9.0 mwaka 1996 hadi 8.1 mwaka 2014. Idadi ya watu wazima wenye kisukari, iliyokuwa ikipanda mfululizo, ilishuka kidogo kutoka asilimia 15.4 mwaka 2013 hadi 14.6 mwaka 2017.

Hata hivyo ni vigumu kusema sehemu gani ya mafanikio hayo imetokana na ruzuku. Hakukuwa na kundi la Waindio lililonyimwa fedha kwa makusudi ili lilinganishwe na lililopewa, na dawa zilikuwa zikiboreka kote nchini. Hoja yenye nguvu ni kwamba kundi lililokuwa na hali mbaya sana ndilo lililoshuka kwa kasi kubwa kuliko mengine, na kwamba vipimo vya katikati, yaani dawa, shinikizo la damu na sukari, vilisogea vyote upande uleule.

Kwa upande wa gharama, matibabu ya mgonjwa mmoja wa kusafishwa damu yalifikia takriban dola 82,000 kwa mwaka 2013. Makadirio ya serikali ya mwaka 2019 yalisema kwamba kupungua kwa wagonjwa wa figo kuliokoa hadi dola milioni 520 katika miaka 10.

Ufadhili

Udhaifu mkubwa wa SDPI uko katika sheria iliyoiunda. Si sehemu ya bajeti ya kudumu ya IHS. Ni lazima Bunge liiongezee muda kila unapokwisha. Kiasi cha dola milioni 150 hakikubadilika kuanzia mwaka 2004 hadi 2023, ilhali bei, mishahara na idadi ya wagonjwa vilipanda. Mwaka 2024 kilisogezwa hadi karibu dola milioni 160. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwaka 2025 nyongeza za muda zilikuwa za miezi michache michache: mwaka 2024 hadi tarehe 31 Desemba, halafu hadi 31 Machi 2025, halafu hadi 30 Septemba 2025. Kituo kilicho katika hali hiyo hakiwezi kumwahidi muuguzi mkataba wa mwaka mzima, na katika maeneo ya mbali muuguzi akiondoka huchukua muda mrefu kumpata mwingine. Viongozi wa makabila wamekuwa wakiliomba Bunge lifanye fedha hizo kuwa za kudumu na ziongezwe kulingana na kupanda kwa gharama.