Steringi Hafi: Shabiki na Mwendelezo wa Filamu za Anga

Kabla ya filamu za anga kuwa na sehemu ya pili na ya tatu, zilikuwa na vipande. Mwaka 1936 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa Flash Gordon, kisa cha kijana anayefika kwa roketi katika sayari ya Mongo, kikiwa kimegawanywa vipande 13. Kwa kawaida jumba la sinema lilionyesha kipande kimoja kwa wiki, nacho kilikatika makusudi mahali pabaya: shujaa anatumbukia shimoni, taa za ukumbini zinawaka. Watoto walitoka wakiwa na siku saba za kubishana atachomokaje. Kwamba atachomoka, hilo halikuwa na ubishi. Waliokulia kwenye mabanda ya video ya Tanzania wanaijua kanuni hiyo kwa maneno mawili: steringi hafi. Vipande vingine 15 vilifuata mwaka 1938, na 12 mwaka 1940.

Shabiki wa enzi hiyo alisubiri tu. Aliyemfuata alishika kalamu. Kipindi cha Star Trek kilianza kwenye televisheni ya NBC Septemba 1966. Zilipozagaa tetesi kwamba kingefutwa, Bjo Trimble na mumewe John waliwahimiza watazamaji waandike barua, na mapema 1968 kituo kikatangaza hewani kuwa kipindi kitarudi. Kilirudi msimu mmoja tu, kikafutwa 1969, lakini mashabiki walikuwa wameshaonja nguvu ya bahasha. Mwaka 1976 barua zao zilifika hadi Ikulu ya Marekani, na chombo cha majaribio cha NASA kilichokusudiwa kuitwa Constitution kikabatizwa Enterprise, jina la chombo cha kwenye kipindi. Chenyewe hakikuwahi kufika anga za juu.

Nguvu hiyo ilipimwa vizuri zaidi kwenye filamu ya pili ya Star Trek, The Wrath of Khan, ya mwaka 1982. Skripti ikiwa bado inaandikwa, siri ilivuja: Spock, mwenye masikio yaliyochongoka, angekufa. Barua za hasira zikamiminika. Watengenezaji hawakuifuta habari hiyo, waliizungukia. Dakika za mwanzo kabisa chombo kinashambuliwa, Spock anaanguka na kulala kimya. Mara ukuta unafunguka, moshi unatawanyika, na Admirali Kirk anaingia kwa utulivu: yote yalikuwa mazoezi ya wanafunzi wa uongozi. Kirk anamtania rafiki yake kwa kumuuliza kama hajafa bado. Shabiki aliyeingia ukumbini roho mkononi akapumua, akaamini tetesi zimeishia hapo. Mwisho wa filamu Spock akafa kweli, nyuma ya kioo, akiwaokoa wenzake. Ni ujanja mzuri kuliko wote uliowahi kufanyiwa mashabiki wa filamu hizi, kwa sababu uliitumia hofu yao wenyewe. Hata hivyo studio iliongeza picha ya jeneza likiwa limetua salama kwenye sayari changa, na mwaka 1984 ikatoka The Search for Spock, ikiongozwa na Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock mwenyewe. Steringi hafi.

Star Wars ya George Lucas ilianza Mei 25, 1977 katika kumbi 32 tu, na foleni zikazunguka mitaa. Mwendelezo wake, The Empire Strikes Back, wa Mei 1980, uliwaachia watazamaji jambo la kubishania: Darth Vader anamwambia Luke kwamba yeye ndiye baba yake. Wakati wa kupiga picha, David Prowse aliyevaa vazi la Vader alipewa maneno mengine ili siri isivuje. James Earl Jones, aliyetia sauti baadaye, alipoyasoma maneno ya kweli alidhani Vader anadanganya. Mashabiki wengi walidhani hivyo hivyo, wakabishana miaka mitatu hadi Return of the Jedi ya 1983 ilipothibitisha.

Kisha kukawa na kimya cha miaka 16. Novemba 1998 watu walilipa tiketi za filamu nyingine, wakatazama kionjo cha Star Wars mpya, The Phantom Menace, kilichotangulia, wakainuka na kwenda zao. Masika ya 1999 wengine walipiga foleni ya wiki nyingi nje ya jumba la Chinese Theatre, Hollywood. Filamu ikatoka Mei 19, na wengi wakatoka wamenuna. Safari hii hawakuishia kwenye barua: shabiki mmoja aliihariri upya na kuipunguza karibu dakika 20, akimkatakata zaidi mhusika Jar Jar Binks, na kanda yake ikasambaa mikono kwa mikono. Ahmed Best, mwigizaji wa Jar Jar, alisema mwaka 2018 kwamba kebehi alizotupiwa mhusika huyo zilimfikisha karibu na kujiua.

Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni ya Lucas, mwaka 2012 kwa dola bilioni 4 hivi. The Force Awakens ya 2015 ilimleta Mkenya Lupita Nyong'o kama Maz Kanata, bibi wa miaka zaidi ya 1,000, ambaye sura yake ilichorwa na kompyuta kwa kufuata uigizaji wa Lupita. Filamu iliyofuata, The Last Jedi ya 2017, iliwagawa mashabiki vibaya. Kelly Marie Tran, aliyeigiza fundi Rose Tico, alitukanwa mitandaoni kwa rangi na jinsia yake hadi akafuta picha zake zote Instagram mwaka 2018. Mwendelezo wa filamu hiyo, The Rise of Skywalker, ulipotoka Desemba 2019, mmoja wa waandishi wake alitaja sababu za kiufundi za kukatwa kwa sehemu za Rose, maelezo ambayo mashabiki wengi hawakuyapokea. Rose hakuuawa. Katika filamu ya saa mbili na ushei, alionekana kwa dakika moja na sekunde chache.