Jina la Yunia na Historia ya Kumsoma Mwanamke katika Biblia

Utafiti kuhusu wanawake katika Biblia kwa kawaida huanza na wahusika ambao habari zao zimesimuliwa kwa urefu, kama vile Sara, Debora, Ruthu na Esta. Swali linaloulizwa ni Biblia inasema nini juu yao. Insha hii inatoa hoja kwamba swali hilo halitoshi, kwa kuwa zipo nafasi ambapo wahariri na wafasiri ndio walioamua iwapo anayetajwa ni mwanamke. Mfano ulio wazi ni wa Yunia, anayetajwa mara moja tu, katika Warumi 16:7.

Katika aya hiyo, Paulo anawasalimu Androniko na Yunia. Anawaeleza kuwa ni jamaa zake, walifungwa pamoja naye, ni mashuhuri miongoni mwa mitume, na walimwamini Kristo kabla yake. Kwa Kigiriki, jina hilo limo katika umbo la yambwa, na jinsia yake hutegemea mahali pa mkazo. Miswada ya kale zaidi haikuwa na alama za mkazo. Hata hivyo, Yohane Krisostomo, aliyefariki mwaka 407 na ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alimsifu Yunia kuwa mwanamke aliyestahili kuitwa mtume. Wanakili wa baadaye walipoanza kutia alama, nao waliandika jina la kike.

Mabadiliko yalikuja baadaye. Giles wa Roma, aliyefariki mwaka 1316, aliwahesabu wote wawili kuwa wanaume, na tafsiri ya Kijerumani ya Martin Luther ikafuata mkondo huo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilibaki na jina la kike. Mwaka 1927, toleo la Kigiriki la Nestle liliweka mkazo wa jina la kiume, na tafsiri ya Kiingereza ya Agano Jipya ya mwaka 1946 ikawaita wawili hao wanaume. Hakuna mswada mpya uliogunduliwa na kulazimisha badiliko hilo. Kilichotawala ni dhana kwamba mtume hawezi kuwa mwanamke. Kinyume chake, jina Yunia limepatikana zaidi ya mara 250 katika maandishi ya Roma ya kale, ilhali umbo la kiume lililodhaniwa halijapatikana hata mara moja. Bernadette Brooten alilieleza tatizo hili mwaka 1977. Mwaka 1998 toleo la Nestle-Aland lilirejesha jina la kike, na mwaka 2005 Eldon Jay Epp alichapisha kitabu kizima juu ya suala hilo.

Mjadala haukukoma. Mwaka 2001, Michael Burer na Daniel Wallace walidai kwamba Yunia alijulikana tu kwa mitume, bila yeye mwenyewe kuwa mmoja wao. Inafaa kuzingatiwa kwamba hoja hiyo ilipata nguvu baada ya jinsia ya jina kukubaliwa, na kwamba Krisostomo hakuisoma aya hiyo hivyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, suala hili lina sura nyingine. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili hautofautishi mwanamume na mwanamke. Maneno jamaa, mfungwa na mtume huwafaa wote wawili. Katika sura hiyohiyo, Fibi anatambulishwa kuwa dada, hivyo msomaji hawezi kumkosea. Yunia hana utambulisho wa namna hiyo. Kiswahili hakikumgeuza kuwa mwanamume, lakini kilimwacha mikononi mwa mazoea ya msomaji, na msomaji aliyezoea kuwaona mitume kuwa wanaume humpita bila kumtambua.

Jambo hili lina uzito, kwa sababu wanaopinga huduma ya wanawake madhabahuni mara nyingi hutaja kutokuwapo kwa mwanamke miongoni mwa mitume. Kwa Yunia, kutokuwapo huko kulitokana kwa sehemu na alama ya mkazo iliyowekwa karne nyingi baada ya waraka kuandikwa. Hivyo basi, mtafiti wa wanawake katika Biblia analazimika kuchunguza pia historia ya matoleo na tafsiri anazozitumia, kabla ya kuhitimisha ni nani hayumo.